Mwizi Aliyechagua Elbo Mbovu

Kwa wale waliokosa gazeti la wiki iliyopita, sina habari njema ya kuwapa. Bado sina mke.

Yuko kwa baba yake pamoja na watoto wetu wawili, tangu siku nilipofukuzwa kazi ya sita. Kazi zote sita nilifukuzwa kwa kosa lile lile: mdomo. Naambiwa kitu cha kijinga, nasema ni cha kijinga, kisha nakusanya spana zangu naondoka.

Baba mkwe ndiye aliyenifundisha ufundi bomba kabla hajanipa binti. Alitoa sharti moja tu.

"Kaa kazi moja miezi mitatu bila kufukuzwa. Ukimaliza, njoo umchukue mkeo. Usipomaliza, usije hata kwa salamu."

Nikapata kazi ya kutazama kamera katika duka la vifaa vya ujenzi. Unakaa chumbani juu, peke yako, kimya, mbele ya skrini. Aliyeibuni kazi hiyo bila shaka alikuwa ananifahamu.

Miezi mitatu ilikuwa inatimia Jumamosi. Lakini mwenye duka, ambaye sote tunamwita Tajiri, akanipa mpaka Ijumaa jioni niwe nimemkamata mwizi wa elbo za shaba. Nisipomkamata, nijiondokee. Hapo ndipo nilipowaacha.

Elbo, kwa asiyejua, ni kile kipande kilichopinda kama kiwiko, kinachounganisha bomba mbili kwenye kona. Elbo nzuri ya shaba huishi zaidi kuliko fundi aliyeifunga. Za Tajiri zilianza kuvuja fundi hajamaliza soda.

Mafundi wote walizijua. Kila asubuhi pale kaunta palikuwa na maneno.

"Dada, nipe elbo mbili na ndoo moja."

"Ndoo ya nini tena, kaka?"

"Ya kukinga. Elbo zenu bila ndoo ni nusu ya mzigo."

Dada wa kaunta naye hakuwa mtu wa kushindwa. "Chukua nne, nikuongeze mabuti ya mvua."

Mwingine aliuliza zina dhamana ya muda gani.

"Mpaka mlangoni. Ukivuka kizingiti, ni wewe na Mungu wako."

Na kulikuwa na huyu, fundi mnene mwenye mwanya, aliyenichekesha mpaka nikasikika huko juu. "Jana nimefunga koki yenu asubuhi," alisema. "Mchana mwenye nyumba kanipigia simu, ananiuliza kama namfahamu fundi bomba yeyote."

Sasa niambie, nani ataiba vitu hivyo? Mwizi naye ana heshima yake. Siku Tajiri aliponiambia kuna mtu anaziiba, moja leo, mbili keshokutwa, nilicheka. Kisha nikaikumbuka Jumamosi, kicheko nikakigeuza kikohozi.

"Kikohozi hicho kina dawa?" Tajiri aliniuliza.

"Kinapita, Tajiri."

"Mwizi simtaki sana. Nataka elbo zangu. Hata moja isizagae huko nje bila mimi kujua iko kwa nani."

Nikadhani ni ubahili tu.

Sasa kuna jambo ambalo wiki zote hizi nimekuwa nikilipita pembeni. Wasomaji mmekuwa wema kwangu. Mmoja hata amemwandikia mhariri kwamba mimi ni mtu mkweli niliyeonewa na dunia. Ahsante sana, ndugu. Kaa kitako.

Elbo zile zilikuwa za chuma. Chuma cha hovyo, chenye vitundu na nyufa. Zilikuja nyeusi ndani ya maboksi. Kila Jumatatu, kabla duka halijafunguliwa, kuna mtu aliingia stoo ya nyuma, akazipanga juu ya plastiki na kuzipulizia rangi ya shaba, upande huu na upande huu. Rangi iliziba nyufa vizuri kabisa. Zikikauka, zinang'aa kama pete za arusi.

Duka lile lina kamera kumi na mbili. Stoo ya nyuma haina hata moja. Tajiri anapenda kutazama watu wengine.

Mpakaji rangi huyo ni mimi.

Jumatatu ya kwanza Tajiri alinipa kopo akaniuliza, "Una swali, fundi?"

Kazi sita zilizopita ningekuwa na maswali ishirini. Siku ile sikuwa na hata moja. Nilipiga hesabu ya siku zilizobaki, nikatikisa kopo.

Basi, Ijumaa ikafika. Sikuwa na mwizi, ila nilikuwa na mtego, na niliujivunia mno.

Kwenye sanduku langu la zamani ilibaki elbo moja ya kweli, shaba nyekundu tupu, nzito. Nikaichanganya na zile za rangi kwenye rafu ya saba. Akili yangu ilikuwa hivi: mwizi wa kawaida atachota yoyote. Mwizi fundi atachukua ile ya kweli. Ama hivi ama vile, nitajua nawinda mnyama gani. Nikapanda juu, nikakaa. Nilijiona mpelelezi.

Saa tano mtu akaingia. Kofia pana, koti la mvua. Nje jua lilikuwa linakaanga watu.

Akaenda moja kwa moja rafu ya saba, akaipa kamera mgongo. Na kamera zenyewe Tajiri alizinunua kule kule anakonunua elbo. Kwenye skrini watu wote wanaonekana kama wamefinyangwa kwa udongo na mtoto wa chekechea. Nilichoona ni kofia, koti, na viwiko vikichezacheza.

Akashika elbo moja. Akaiacha. Akashika nyingine, hiyo ikaingia mfukoni. Ya tatu mfukoni. Kisha akaifikia ile yangu ya kweli.

Nikasogea mpaka pua ikagusa kioo.

Aliishika muda mrefu. Akaipima uzito kiganjani. Halafu akaiweka mbele kabisa ya rafu, mahali ambapo mteja ataifikia kwanza, kisha akaendelea kujaza mbovu mfukoni.

Nimeona wezi wengi katika miezi mitatu. Nimeona mama aliyeficha bawaba kwenye nepi ya mwanawe. Lakini mwizi anayeacha dhahabu akabeba kutu sikuwahi kumwona.

Ndipo akageuka nusu, akasogea chini kabisa ya kamera, nikaona alichokuwa nacho mkononi. Sumaku. Mafundi wengi wanatembea na sumaku, maana chuma kitanasa na shaba haitanasa. Huwezi kudanganywa dukani. Lakini namjua fundi mmoja tu anayeifunga sumaku yake kwa kamba ya kiatu na kuivaa shingoni kama tiketi ya mtoto aliyepotea.

Nilishuka ngazi mbili mbili. Nikafika rafu ya saba nahema, mkono nimeunyoosha wa kukamata. Na mkono ule ule, bila kuniuliza, ukarudi kifuani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," baba mkwe akasema. "Umechelewa kushuka."

"Nimechelewa?"

"Wiki ya tatu hii nakuja. Nilijua uko juu unaniona. Nikamwambia mkeo, mumeo siku hizi ana adabu. Anamwona mkwewe anaiba, anageuza macho."

Wiki tatu mzee wa watu ameniwekea heshima, kumbe sikuona kitu. Ningemwambia nini? Kwamba nilimwona ila nilidhani ni kifurushi cha udongo?

"Baba," nikamnong'oneza, "unazifanyia nini hizo takataka?"

Akanitazama kama anavyotazama bomba lililofungwa na mtu mwingine.

"Mwezi uliopita nilifunga bomba za zahanati. Kazi ya miaka arobaini, sijawahi kurudishwa. Nikanunua elbo hapa, kwa haraka, bila kuzipima. Kwa nini? Kwa sababu mkwe wangu anafanya kazi hapa. Nikasema, duka likiwa na uchafu, yule kwa mdomo wake angeshasema."

Nikaanza kupanga upya elbo za rafuni zilizokuwa tayari zimepangwa.

"Siku ya nne elbo ikapasuka juu ya wodi ya wazazi. Maji yakashuka kitandani. Nilimpokea mwenyewe kichanga wa siku moja, nikasimama naye juu ya benchi mpaka wakafunga maji. Unajua mkunga aliniambia nini? Mzee, pumzika sasa, mikono imechoka." Alinyoosha mikono yake miwili. "Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita. Hata kubadilisha mpira wa koki."

"Si ungezinunua tu, baba, ukawapelekea watu wa viwango?"

"Nimlipe aliyenivua nguo? Mara ya pili?" Alikasirika kweli. "Nilizipeleka kwao hizi za kuiba. Kijana wa mezani akataka risiti. Nikamwambia ukweli, nimeziiba. Akaniambia, basi mzee lete risiti ya wizi."

"Ndiyo basi tena?"

"Si basi. Mkubwa wake alinisikia. Akasema, alete mtu wa ndani, aliyeona zinavyofanywa, aseme kwa mdomo wake. Hata bila karatasi." Akanisogelea. "Wewe unakaa humu. Umeona nini?"

Hapa, ndugu msomaji, ndipo ungemwona mtu mkweli aliyeonewa na dunia.

"Sijaona kitu, baba. Mimi nakaa juu na skrini. Zinakuja hivi hivi kwenye boksi."

Aliamini. Hakuuliza mara mbili. Akatikisa kichwa tu, akasema, "Basi kama huna, huna. Kesho ni Jumamosi. Usiniharibikie kwa ajili ya elbo."

"Fundi! Hongera!"

Alikuwa Tajiri, anakuja katikati ya rafu, mlinzi wa mlangoni akimfuata nyuma. Kumbe ofisini kwake alikuwa na skrini yake, na skrini hiyo ilikuwa na picha safi zaidi kuliko yangu. Mtazamaji naye alikuwa anatazamwa.

"Mwizi mwenyewe ndiye huyu? Babu mzima! Mpekue."

Sikusogea. Kuna mambo mkono wa mkwe haufanyi. Mimi meza moja na baba mkwe nakaa kwa adabu, nikipita mbele yake nainama. Leo nitie mkono kwenye mfuko wake wa suruali, mbele ya watu?

"Nimesema mpekue. Au unamfahamu?"

"Ni... mteja," nikasema. Huo ni uongo wa pili kwa asubuhi moja. Nilikuwa naanza kuzoea.

Baba mkwe akaniokoa kwa njia yake. Alipita katikati yetu mpaka kaunta, ambako mafundi watatu walikuwa wanasubiri, yule wa mwanya mmojawapo. Akatoa elbo mfukoni moja moja akazipanga: sita. Kisha akaivua sumaku shingoni, akaishusha juu ya elbo ya kwanza. Ta! Akanyanyua kamba. Elbo ikaning'inia hewani, inazunguka taratibu.

"Shaba hiyo, wanangu," akasema. "Shaba inayonasa sumaku. Mwaka gani mlifundishwa hiyo?"

Yule wa mwanya akapiga kofi kaunta. "Mwaka wa mafuriko, mzee!"

Wote wakacheka. Dada wa kaunta alijifanya anatafuta kalamu chini ya meza, mabega yanamtikisika.

Tajiri hakucheka wala hakukasirika. Alizikusanya zile elbo kwanza, zote sita, akazitia kwenye mfuko, akampa mlinzi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuzitaka kwake elbo hakukuwa ubahili: alikuwa anakusanya ushahidi.

"Mzee ameiba, sasa anatafuta pa kutokea," akasema. "Anataka kusema napaka vyuma rangi. Haya, tusibishane. Huyu fundi wangu amekaa humu miezi mitatu." Akaniwekea mkono begani. "Waambie hawa. Umewahi kuona rangi yoyote ndani ya duka hili?"

Kisha akainamisha mdomo karibu na sikio langu. "Kesho Jumamosi, fundi."

Siku ananiajiri nilimsimulia sharti langu lote, mke na watoto, ili anionee huruma. Mtu mwenye akili hampi tajiri kamba kisha akamwonesha na shingo.

Nikatazama sakafu. Nikawaona watoto wangu, mkubwa na ile tabia yake ya kuvaa viatu vya kushoto kulia. Neno moja tu, hapana, na kesho saa nne, kama tulivyopatana na mzee, ninabisha hodi. Mzee atalala mahabusu usiku mmoja, nitamdhamini, tutacheka siku moja. Niliyapanga yote hayo kwa muda ambao Dada wa kaunta alitumia kuipata kalamu.

Huenda ningelisema. Simdanganyi mtu. Lakini baba mkwe akaharibu.

"Mwache," alimwambia Tajiri. "Usimwingize kijana kwenye haya. Nimeshamuuliza, hakuona kitu, na mimi neno lake nimelipokea. Huyu ana kasoro zote, lakini hajui kusema uongo. Uongo ungekuwa unamwingia, angekuwa bado yuko kazi ya kwanza."

Mdomo wangu, uliolala miezi mitatu, ukaamka.

"Nilizipaka mimi," nikasema.

Dada wa kaunta akaiweka kalamu chini.

"Kila Jumatatu, stoo ya nyuma, kabla ya kufungua. Kopo ananipa yeye. Rangi inaziba nyufa. Nilijua. Tangu siku ya kwanza nilijua."

Nikamgeukia Tajiri, nikasubiri abadilike rangi. Akatabasamu. Tabasamu pana, la mtu aliyepewa mkeka akiwa tayari ana usingizi.

"Mmemsikia wenyewe," akawaambia mafundi. "Mimi nanunua shaba kwa jasho langu. Kumbe nimefuga nyoka stoo. Ananibadilishia mzigo, ananiletea vyuma vya kupaka."

"Wewe ndiye uliyenituma!"

"Nani aliniona nikikutuma? Duka langu lina kamera kumi na mbili, fundi, na mtazamaji ni wewe. Nioneshe picha."

Sikuwa na picha. Hilo nadhani nimeshawaeleza.

"Funga geti," alimwambia mlinzi. "Ita polisi. Waambie tunao wawili, mwizi na mghushi." Akanigeukia tena, kwa upole kabisa. "Na kazi, tangu dakika hii, huna."

Geti likashuka. Mafundi watatu wakabaki ndani pamoja nasi, na hakuna aliyefanya utani.

Ungedhani baba mkwe angemrukia Tajiri. Hakumtazama hata kidogo. Alinitazama mimi.

"Kila Jumatatu?"

"Ndiyo, baba."

"Za zahanati nilizichukua Jumanne. Jumanne ya pili ya mwezi uliopita."

Nikafikiri. Boksi zilikuwa mbili wiki hiyo. Nakumbuka kwa sababu rangi iliniishia nikaongezewa kopo.

"Basi ni za mkono wangu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeulizwa njia na yeye haijui. Akaingiza mkono ndani ya koti la mvua, akatoa simu yake ndogo ya vitufe. Akabonyeza, akangoja.

"Mama," alisema. Ndivyo anavyomwita mke wangu tangu akiwa mdogo. "Hebu acha kwanza kufunga hilo begi."

"Begi gani?" niliropoka.

Alinijibu bila kunitazama. "Tangu jana anapanga nguo. Watoto ameshawafulia. Hakutaka usubiri mpaka saa nne, alikuwa aje mwenyewe asubuhi, mapema, akukute umelala." Kisha kwenye simu, "Mimi mzima, mama. Ni mumeo. Hapana, hajaumia. Ongea naye mwenyewe, mimi leo nimeishiwa."

Akanipa simu. Ilikuwa na joto la sikio lake.

Nilimweleza mke wangu yote nikiwa nimesimama pale kaunta, mbele ya watu saba na kamera kumi na mbili. Kopo, Jumatatu, zahanati, kichanga juu ya benchi, uongo niliomwambia baba yake, na kazi iliyokwisha ikiwa imebaki siku moja. Sikujitetea. Nilipomaliza nikangoja anitukane.

Hakunitukana. Nilimsikia akishusha pumzi, kisha nikasikia zipu ya begi, ndefu, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Nimewahi kusikia zipu nyingi. Lakini kwa sikio tu, mtu hawezi kujua kama inafungwa au inafunguliwa.